Anayeamua Pikseli Zangu ni Nani?

Juzi rafiki yangu alinionyesha gemu mpya kwenye konsoli yake, akinihakikishia kwamba picha ile ni 4K kamili. Nilipoisogelea skrini, niliona nyaya na majani ya mbali yakimetameta na kukatikakatika kila kamera ilipogeuka. Tulibishana hadi usiku, na hasira yangu haikuwa juu yake, bali juu ya desturi ya kunadi namba kubwa bila kueleza picha imechorwaje.

Skrini ya 4K ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, mara nne ya zile za skrini ya 1080p, na kwa fremu, yaani picha nzima, 60 za kila sekunde mashine hudaiwa karibu pikseli milioni 500 kila sekunde. Kwa mzigo huo, konsoli za kizazi cha 2020 huchora gemu nyingi nzito kwa pikseli chache zaidi, ambazo idadi yake hupanda na kushuka, kisha huikuza picha hadi ijaze skrini. Mbinu yenyewe siipingi, kwa kuwa hata kompyuta yangu huitumia kupitia DLSS na FSR, teknolojia za kukuza picha. Ninachokipigania ni haki ya kuamua. Kwenye kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe najua kwamba DLSS ikiwa katika ngazi ya Quality, picha ya 4K huanzia 2560 kwa 1440, na katika ngazi ya Performance huanzia 1920 kwa 1080. Naweza kuizima kabisa, nikapunguza vivuli na kuridhika na fremu 45, kwa sababu macho ni yangu. Konsoli kwa kawaida hunipa njia mbili au tatu, ya ubora au ya kasi, ambazo mtu mwingine amekwisha kuzipima kwa macho yake.

Nakiri, tena shingo upande, kwamba kadi ya grafiki inayoimudu 4K yaweza peke yake kuzidi bei ya konsoli nzima, na kwamba kompyuta hukwama vibaya gemu inapotayarisha sheda, yaani programu ndogo za kuchora mwanga na rangi, katikati ya mchezo.

Rafiki yangu alipokuja kwangu, nilimwachia kipanya. Alizima ukuzaji, akaona fremu zikiporomoka, akaurudisha, akapunguza vivuli, kisha akainuka kwenda kuzitazama nyaya kwa karibu.