Ukienda kwa wazazi, beba ndoana

Mimi siendi kijijini Krismasi. Ndugu zangu wamenisema sana kwa hilo na bado watanisema, lakini sibadiliki. Desemba nauli ya Busia hupanda ovyo, barabara ya Jinja huziba kuanzia Mukono, na ukishafika unakuta wazazi wamekuwa wenye hoteli. Mama hakai chini. Mzee kavaa shati la Jumapili tangu asubuhi, anahesabu viti. Watu wanakula, wanapiga picha chini ya mwembe, wanabishana juu ya mabati ya jikoni na mpaka wa shamba, kisha tarehe 27 kila mtu anashika njia yake. Ukirudi mjini ukaulizwa mzee hajambo, unajibu hajambo, na wala hukukaa naye mkiwa wawili.

Mimi huenda wikendi zisizo na jina, Februari au Septemba, shule zikishafunguliwa na nyumba imetulia. Na huenda kuvua samaki.

Kwetu ni upande wa Majanji, kusini mwa wilaya ya Busia, Uganda, kwenye ile kona ya Ziwa Victoria ambako ukitazama ng'ambo unaiona Kenya. Ni mwalo, yaani kituo cha wavuvi, wa watu mchanganyiko, Wasamia, Wajaluo, Wasoga, Waganda, na Kiswahili ndicho kinachouza samaki. Zamani ukisema barabara ni mbovu ulieleweka. Siku hizi lami inatoka Musita, inapita Lumino, inafika Majanji na Busia mjini, na kisingizio hicho kimekufa. Ukiondoka Kampala asubuhi, ukanunulia kuku na gonja dirishani pale Najjembe katikati ya msitu wa Mabira, ukavuka daraja jipya la Nile pale Jinja, alasiri uko nyumbani unakunywa chai.

Kisingizio kilichobaki ni simu. Tangu mwaka 2009, pesa zilipoanza kutumwa kwa simu hapa Uganda, safari nyingi za kijijini zimekufa kimyakimya. Kabla ya hapo ilibidi upande gari mwenyewe, au umpe kondakta bahasha na kumwomba Mungu. Sasa unatuma ukiwa kwenye foleni ya Nakawa, mama anapokea, serikali inakata asilimia yake 0.5 wakati wa kutoa, na nyote mnajiona mmeonana. Siipingi pesa ya simu, imelipia dawa za mzee mara nyingi. Lakini mzazi anayetumiwa pesa kila mwezi na kutembelewa kila sikukuu anageuka mtu wa kupokea tu. Anapokea pesa, anapokea wageni, anapokea maagizo ya daktari yaliyopitia kwa mtoto wake. Mtu aliyekufundisha kufunga ndoana hana tena cha kukufundisha, na analijua hilo kabla yako.

Ndiyo maana nasema beba ndoana. Sukari beba pia, na mkate, na sabuni ya mche, maana kuingia mikono mitupu ni utovu wa adabu. Ila ndoana ndiyo itakayomtoa mzee kwenye kiti.

Mara ya mwisho alizishika zile nilizonunua Kampala, akazigeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Hizi umeuziwa na mtu asiyekula samaki." Akachagua zile ndogo, nyingine akanirudishia. Chambo tulichimba nyuma ya jiko, chini ya migomba, pale mama anapomwaga maji ya vyombo. Nyungunyungu wa pale ni wanene, na ardhi ni laini hata wakati wa kiangazi. Chelezo alilichonga kutoka kwenye soli ya kandambili iliyokatika, chubwi ni nati ya baiskeli. Fito za mianzi zilikuwa zimelazwa juu ya kenchi za banda la mbuzi, na nikakumbuka mlango wa lile banda ni mbao za nini.

Ni mbao za mtumbwi wake. Alikuwa na kile kimtumbwi tunachokiita parachuti, kifupi, kitako bapa, watu wawili na nyavu kimejaa. Sheria za ziwani zinataka chombo kisichopungua futi 28, na mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia jambo hilo kwenye maziwa yetu. Mzee hakusubiri kufuatwa. Alikivunja mwenyewe, misumari akainyoosha akaiweka kwenye kopo, mbao zikawa mlango wa mbuzi.

Hapa nina maoni yangu, na mniwie radhi kama nitawaudhi wa pande zote mbili. Nyavu za macho madogo zilikuwa zinalimaliza ziwa, hilo si siri kwa mtu yeyote aliyekulia mwaloni. Watu walikuwa wanavua sangara ambao hawajazaa hata mara moja. Macho ya inchi 5 kwa ngege, yaani sato, na inchi 7 kwa sangara ni kipimo kinachoeleweka, maana kinamwangalia samaki. Futi 28 zinaangalia mfuko wa mvuvi. Chombo cha urefu huo, na injini yake, na mafuta yake, mzee wa kijijini hawezi. Kwa hiyo wenye uwezo wamebaki na boti, na waliokuwa na parachuti zao wamekuwa mabaria kwenye boti za watu, wanalipwa kwa mgawo baada ya tajiri kukata gharama zake. Najua hoja ya usalama: kimtumbwi kifupi kwenye dhoruba ni jeneza, na parachuti ndizo zilizokuwa zikijipenyeza kwenye vina vifupi ambako samaki wanazalia. Sawa. Basi wekeni utaratibu wa mzee anayetaka mboga ya jioni, kando kando ya mwalo, mchana, kwa ndoana. Mzee wangu alipoulizwa kama angependa kuwa baria alicheka tu. Mtu aliyekuwa akiitwa mwenye chombo haanzi kuamriwa na vijana akiwa na mvi.

Haya yote aliniambia tukiwa tumekaa kwenye ukingo, mgongo kwenye mafunjo, kila mmoja akitazama chelezo lake. Sebuleni asingeyasema. Sebuleni mzee hunipa taarifa: mvua, ng'ombe, nani amezikwa. Wazee wa rika lake hawakuzoea kuulizwa wanajisikiaje na mtu anayewakodolea macho. Mpe kitu cha kushika na mahali pengine pa kutazama, atasema mwenyewe, polepole, na mengine atayaacha katikati kwa sababu chelezo limetikisika.

Chelezo likitikisika tikitiki mahali pamoja, hao ni nkejje. Ni visamaki vidogo, vinang'ofoa chambo kama watoto kwenye sinia la wali, na ukivuta unapata ndoana tupu. Ngege anakuja kwa adabu. Chelezo linalala ubavu, linaanza kwenda pembeni, halafu linazama, na hapo ndipo unavuta kwa kifundo cha mkono, bila kutumia bega. Mimi kila nikivuta kwa bega mzee alikuwa anaguna. Hakusema neno. Lile guno nalijua tangu nikiwa darasa la tatu.

Wa kwanza alimshika yeye. Akamtandaza mkia kwenye kiganja akanionyesha mistari, ile myembamba ya wima iliyojipanga vizuri kwenye pezi la mkia. "Huyu siye ngege wa baba yangu," akasema. Nikadhani ni maneno ya wazee kusifia zamani, kumbe ni habari ya kweli kabisa. Ngege wa asili wa Ziwa Victoria alikuwa mwingine, hana mistari hiyo, na alikuwa na ndugu yake anayeitwa mbiru. Huyu wa mistari aliletwa ziwani miaka ya 1950. Wakati huohuo, na kuingia miaka ya 1960, sangara naye akapandikizwa, yule tunayemwita mputa, ambaye kwao hasa ni Nile na Ziwa Albert. Mputa akala nkejje mpaka aina kwa mamia zikapotea au zikawa adimu, na wenyeji wale wengine wakasukumwa pembeni na wageni. Jina la ngege likabaki, likachukuliwa na mgeni. Mzee ameyaona mabadiliko hayo yakimalizika, kwenye nyavu zake mwenyewe. Mimi niliyasoma shuleni kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, na sikuwahi kumuuliza mtu aliyekuwa ananilipia karo kwa samaki haohao.

Samaki alipimwa kwa shubiri. Kiganja cha mzee, kuanzia ncha ya dole gumba hadi kidole cha mwisho, na vidole viwili juu yake. Asiyefika anarudi majini, hata kama ndiye pekee uliyempata tangu asubuhi. Hicho kipimo alikirithi kwa babu, na nilipokwenda kuangalia kinachotakiwa na serikali kwa ngege, inchi 11, nikakuta mkono wa mzee haukosei sana.

Neno moja kwa wanaotoka mjini na hamu ya kuloweka miguu: msifanye hivyo. Kichocho kipo pwani yote ya ziwa hili, kinaishi kwenye konokono wa maji yaliyotulia palepale penye mafunjo ambapo panapendeza kwa picha. Kaa kwenye ukingo mkavu au juu ya jiwe. Na pale jiwe letu la zamani lilipokuwa hapafai tena. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka mwezi Mei likavuka rekodi ya 1964, likala nyumba na vibanda mialo mingi, na hata maji yalipopungua, ukingo haukurudi ulipokuwa. Mzee alinionyesha kwa fito mahali alipokuwa anafunga parachuti. Palikuwa na magugu maji na kopo la plastiki linaelea.

Jioni mama aliwapara wale ngege juu ya gunia, akawachemsha kwa nyanya na kitunguu tu, hakuna kukaanga, na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Kichwa ni cha mzee, hakijadiliwi. Mnaweza kucheka kwamba nasifia samaki wa kuchemsha, lakini jueni kwamba nyumba iliyo hatua chache kutoka ziwani inaweza kumaliza mwezi bila kula samaki mzima. Minofu ya sangara inakwenda viwandani na kutoka huko inakwenda Ulaya. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, yanakwenda Uchina kwa bei ambayo mvuvi akiitajiwa anadhani anataniwa. Kinachorudi kijijini ni mgongo wazi, kichwa na mifupa, ya kukaangwa sokoni. Siku nyingi mama hununua mukene, yaani dagaa, kwa kikombe.

Na hapo ndipo wanaopinga hoja yangu hunishika. Dada yangu mkubwa aliniuliza: wewe na mzee mnakaa ukingoni mnastarehe, mama naye? Swali zuri. Mama hajawahi kushika fito na hana nia. Kwake mimi hushika ungo. Mukene wa bei nafuu huanikwa chini, kwenye mchanga mtupu, kwa hiyo kabla ya kupikwa lazima wachambuliwe, mchanga utoke, changarawe zitoke, vikonokono vitoke. Ni kazi ya saa nzima kwa mlo mmoja. Tukiwa tumeinamia ungo mama husema mambo ambayo hata mzee hayajui, na mengi siwezi kuyaandika hapa. Moja naweza: anachoka na wageni wa Desemba. Anawapenda, anawangoja, na tarehe 28 huwa kitandani na mgongo. Hatakwambia ukimpigia simu. Kwenye simu atasema karibuni nyote, na watoto mje nao.

Wengine wameniambia baba yao hakuwa mvuvi, alikuwa mwalimu, au fundi cherehani, au kwao ni Kabale ambako kuna viazi na baridi. Sawa, ndoana si lazima iwe ndoana. Fundi cherehani mpelekee suruali ya kupunguza. Mwalimu mpelekee barua ya kazi akusahihishie, na uvumilie kalamu nyekundu. Sharti ni moja tu, iwe kazi ambayo yeye anaijua kuliko wewe, na uwe umeihitaji kweli. Ukijifanya, atakugundua kabla chai haijapoa.

Dada huyohuyo mkubwa alikwenda mwenyewe mwaka huu, katikati ya wiki, bila watoto. Jioni akanipigia simu kutoka nyuma ya jiko, anahema, jembe mkononi, anataka kujua wale nyungunyungu wanene nachimba upande gani wa migomba. Nikamwambia amuulize mzee.