Eti Nimempa Mtu Viraka

"Yaani unampa mtu viraka?" Wifi yangu huyo, Jumapili, mbele ya watu, kalishika blanketi langu kwa vidole viwili kama aliyeokota soksi ya mtoto chini ya kitanda. Pindo lake nilikuwa nimelimaliza saa nane usiku. Nikanyamaza, maana ningefungua mdomo yangetoka na ya mwaka juzi. Basi acha niyatoe hapa.

Blanketi nililiunga mwenyewe kwa vipande vya vitambaa, zawadi ya kumshukuru jirani yangu. Nilipovunjika mkono nikafungwa hogo wiki sita, yeye ndiye aliyenifulia, akawapeleka wanangu shule pamoja na wake, na kila jioni akaja kunifunga nywele. Sikumwomba. Hakulalamika hata siku moja, isipokuwa siku aliyosema nywele zangu zinavunja vitana, na hapo alikuwa na haki.

Wifi anasema ningempa bahasha, yakaisha. Haya, nakubali, kwa shingo upande: mtu akikutolea nauli au akakununulia dawa, mrudishie hela yake kwanza. Blanketi halilipi nauli, na waungwana wenye kushona tusijifiche nyuma ya sindano. Hilo nililimaliza mapema. Lakini kumfunga mtu nywele jioni arobaini ni kiasi gani? Ukishataja bei umemgeuza jirani kuwa kibarua, na siku ukidondoka tena mtaanza kwa kupatana.

Tena hilo neno lenyewe. Sawa, tumekua tukijua kiraka ni ile aibu ya nyuma ya kaptula. Lakini wifi ni mtu wa mpira, asijifanye hajui. Kiraka ni yule mchezaji ambaye beki akiumia anarudishwa nyuma, kiungo akila kadi anasogezwa kati, na timu ikishinda anayebebwa juu ni mfungaji. Huyo ndiye jirani yangu hasa! Ningemshonea nini kingine?

Na kama tatizo ni nguo kuukuu, kule Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake weusi walishona mablanketi kwa suruali za shambani zilizochakaa, maana baridi ilikuwa haisubiri kitambaa kipya. Mwaka 2002 yakatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa, Houston kisha New York, na 2006 yakatiwa kwenye stempu za posta. Viraka vilevile. Nadhani hakuna aliyevishika kwa vidole viwili.

Asiyeshona haoni kilichomo, anaona rangi tu. La jirani lina miraba 48, nane kwa sita. Kila mmoja nimeukata inchi 6 na nusu ili ukishaunganishwa ubaki na 6, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Kosea kidogo tu kwenye mraba wa kwanza, ukifika wa nane pembe hazikutani, na hapo ni kufumua. Kabla ya kukata nimefua vitambaa vyote, kwani pamba hurudi na nyekundu hutoa rangi bila huruma. Kila mshono umepigwa pasi. Kisha tabaka tatu: uso, pamba ya katikati, bitana. Na muda wote huo akilini nina mtu mmoja tu. Pinki haipendi, nikaitoa. Magoti humsumbua usiku, nikalipima limfike miguuni akiwa amekaa. Mraba mmoja, wa kijani, ni kile kitambaa nilichoning'inizia mkono shingoni. Yeye ndiye aliyekuwa akinifungia fundo lake. Alipouona hakusema kitu, akaweka kidole juu yake. Bahasha ingeshikwa hivyo?

Lakini wenzangu nao tupunguze mbwembwe. Aliyekuazima ngazi mshonee kishikio cha sufuria, inatosha. Ukimpa blanketi la kitanda kizima umemtia deni, na utaona anavyoanza kukukwepa. Na hicho kishikio kitie pamba halisi ndani, si polista. Mimi niliwahi kutia polista kwa sababu ndiyo iliyobaki. Shoga yangu akashika nacho sufuria, joto likapenya kana kwamba kashika kwa mkono mtupu, na sufuria ikaenda chini. Shukrani yangu nzuri ikamchoma vidole. Hadi leo ananitania.

Wifi kapiga simu tena juzi, safari hii kwa furaha: kapita kwa jirani, kakuta blanketi limetandikwa chini na watoto wanabingirika juu yake. "Umeona sasa?" Nimeona, ndiyo. Nakiri moyo ulishtuka kidogo. Lakini angenambia limefungiwa kabatini kwenye nailoni ndipo ningeumia, maana sikushona mapambo.

Jana jirani kalileta mwenyewe, limefifia kwa kufuliwa, kona ya ule mraba wa kijani imeachia na pamba inachungulia. Ananiomba radhi kama kavunja sahani ya watu! Nimemwambia aliache. Nimeshafumua upande mmoja, tatizo ni kwamba kile kijani sina hata kipande, na nyeusi nikiweka itapiga kelele. Nafikiria bluu.