Mnyama wa maabara augue ugonjwa wetu

Ukifuatilia tafiti za moyo kushindwa kusukuma damu zinazofanywa kwa wanyama wakubwa, mara nyingi utamkuta nguruwe yuleyule. Amelazwa kwa dawa ya usingizi, mrija mwembamba umepitishwa kwenye mshipa wake mpaka moyoni, na kijiputo kimejazwa ndani ya mshipa wa mbele unaoulisha moyo wenyewe. Damu huzuiwa kwa saa moja, pengine saa moja na nusu. Katikati ya hapo moyo unaweza kuanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga, ikabidi ushtuliwe kwa umeme, na wapo wanaofia mezani. Anayepona hubaki na kovu, na kadiri wiki zinavyopita moyo wake hutanuka na kuchoka.

Kumchagua nguruwe sina ugomvi nako. Moyo wa panya hupiga mara 500 hadi 600 kwa dakika, mbali mno na sisi. Wa nguruwe unakaribiana na wetu kwa ukubwa na kwa mpangilio wa mishipa. Mbwa ana njia nyingi za pembeni za kupitishia damu mshipa ukiziba. Nguruwe hana, kwa hiyo jeraha lake hutabirika.

Ninachogombea ni ugonjwa unaoigwa. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa tatizo hili katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu. Kwa karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Waliougua kwa sababu ya mshipa wa moyo kuziba hawakufika hata mmoja kati ya kumi! Wengine ni valvu, yaani milango ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, na akina mama ambao moyo huwachoka karibu na kujifungua.

Presha haiachi kovu la ghafla. Huunenepesha ukuta wa moyo na kuukakamaza polepole. Kuiga hilo kunawezekana: mshipa mkuu wa damu hubanwa kidogokidogo, au mnyama hupewa homoni pamoja na chumvi nyingi. Ila huchukua miezi, na nguruwe wa kawaida hukua haraka akapita kilo 100, kumlisha na kumpima ikawa gharama juu ya gharama. Naamini ndiyo maana kijiputo kinapendwa. Kina haraka.

Faida ya kuulenga ugonjwa wenyewe tumeiona. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani, kwa kutumia panya waliougua moyo baada ya kuzaa, walionyesha kwamba kipande cha homoni ya maziwa kinaweza kudhuru moyo wa mzazi. Dawa ya bromokriptini, inayozuia homoni hiyo, ikajaribiwa kwa wanawake 20 Soweto, Afrika Kusini, na matokeo yakatoka 2010. Huyo alikuwa panya tu. Mnyama mkubwa wa ugonjwa huo ningependa sana kumwona.

Tuna wataalamu wa mifugo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na wa moyo katika Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wakae pamoja waombe fedha za kondoo wa presha, badala ya nguruwe anayekua haraka: wachache, wanaotunzwa vizuri, wasioachwa na maumivu, kila mmoja akipimwa moyo mara kwa mara kwa miezi yote inayohitajika. Na wafadhili wakubali kusubiri miezi hiyo.