Chombo cha Mjomba

Kufika Msimbati, pwani ya Mtwara, si kazi, kazi ni mchanga wake. Tulikuwa tumeshapakia makapu mawili ya samaki, kolekole, kitoweo cha shughuli ya kumtoa mwali, mjomba akakanyaga mafuta kwa mbwembwe. Land Rover yake ya zamani ikazama hadi ekseli, uso umeelekea Komoro. Siku yenyewe ya bamvua, na maji ndiyo kwanza yanajaa.

Badala ya kusukuma, wavuvi wakaitisha kikao. Mzee mmoja, nahodha, akaizunguka gari, akaigonga ubavuni kwa kidole.

"Alumini hii, haioti kutu. Chombo kizuri, kimekosa mlingoti tu."

Kuhusu alumini hakukosea. Waingereza walipoanza kuyaunda magari haya mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Ila fremu ni ya chuma, na ya mjomba ilishaliwa zamani.

"Turubai ndilo tanga," akadakia mwingine. "Boriti ya mkoko iwe foromali ya kulibeba."

Matobo ya sakafuni yakapangiwa kalafati, pamba na mafuta ya sifa. Ubishi ukabaki wa safari: kusi likivuma utaamkia Kilwa, kaskazi likikuvaa ni Msumbiji hiyo, na mjomba hana pasipoti. Usukani je? "Usukani upo, tena wa duara!"

Mjomba hakucheka. Alikuwa juu ya boneti, suruali kaikunja, viatu mkononi. Nikaona nimfariji.

"Mjomba, kuna Mwaustralia aliitwa Ben Carlin. Mwaka 1950 alianza kuvuka Atlantiki na Ford GPA, gari la kijeshi lililoundwa liweze kuelea. Akaizunguka dunia, akamaliza Montreal mwaka 1958."

Mjomba akawaza kidogo. "Alikuwa na mke?"

"Walianza wote. Mke akashuka njiani."

"Mwanamke ana akili yule."

Sasa, mlango wa nyuma lachi yake ilishakufa, ulifungwa kwa kamba ya katani. Likaja wimbi moja la maana, kamba ikaachia. Kolekole wetu wakatoka mmoja mmoja, wala hawakuaga.

Hapo ndipo kikao kilipovunjika. Magogo ya minazi yakalazwa chini ya matairi, kamba ya nanga ikafungwa, wimbo wa kuvutia jahazi ukapigwa, chombo kikapanda pwani kwa tezi, kinyumenyume. Injini ilikuwa imekunywa ikashiba, oili ikitoka nyeupe kama tui. Nahodha akatoza ada ya kupandisha chombo, na mjomba akalipa bila kubisha, jambo ambalo sijawahi kuliona. Lori la mchanga likatuburuta hadi Mtwara mjini.

Mkaza mjomba alikuwa uani na mashoga zake, vitunguu vimeshakatwa, masufuria yako motoni. Akatazama lori, akatazama mwani unaoning'inia kwenye kioo cha pembeni.

"Samaki wako wapi?"

"Wameshuka njiani," akasema mjomba.