Wingu Langu Liko Chini ya Bahari

Mpwa wangu amesomea kompyuta, na tangu amalize chuo hawezi kupita kwenye fremu yangu bila kuniachia somo. Mwanzoni mwa 2024 alinikuta hapa steshenari nahangaika na flashi ya mwanafunzi. Kila faili limegeuka shotikati, na mwenyewe kasimama dirishani analia kwamba ripoti inatakiwa saa nane.

"Anko, flashi zimepitwa. Kazi zote weka kwenye wingu."

Wingu ninalolijua mimi ni lile likitanda upande wa Kongowe, nakimbia kuingiza ndani mashine ya kopi. Lakini kijana ana maneno. Eti kompyuta ya kesho haitakuwa na kitu ndani, itakuwa kioo tu cha kuchungulia vitu vilivyoko kwingine. Eti mwaka 1961 Mmarekani mmoja, John McCarthy, alishasema ipo siku kompyuta itakuwa huduma ya umma, kama simu. "Yaani Anko, unafungulia tu kama bomba la maji. Unawasha kama umeme."

Huo mfano ulipaswa kunishtua siku ileile. Mimi wa Mbagala, nina ndoo sita nyuma ya mlango na mishumaa kwenye droo, naambiwa kitu kitakuwa kama maji na umeme, na bado natikisa kichwa kukubali!

Nikahamia. Usiku tatu mfululizo, kwa bando la usiku, nikapandisha kila kitu: wasifu wa watu, barua za kuomba kazi, mihutasari ya vikao, kadi za michango. Diski yangu ya nje nikaiuza. Nilijiona msomi.

Jumapili tarehe 12 Mei, mtandao ukakata. Nikajua bando limeisha, nikanunua lingine. Nikabadilisha laini. Nikamgombeza jirani, wakala wa pesa, kwamba kaniuzia vocha mbovu, kumbe maskini naye kakaa tu anaikodolea simu yake. Redio ndiyo iliyotuambia: mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, imepata hitilafu huko kusini, upande wa Afrika Kusini.

Mikongo. Ya baharini. Nimeuziwa wingu, kumbe lina mizizi wanakopita papa!

Jumatatu asubuhi akaingia mama mwenyekiti wa kamati ya harusi, na mwamvuli wake unachuruzika. Anataka orodha ya michango: nani kaahidi, nani kalipa, nani anakwepa. Kikao saa kumi na moja.

"Mama, shikamoo. Orodha iko kwenye wingu."

"Marahaba. Wingu gani, na mvua zote hizi?"

Nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye seva akanikata: "Baba, mimi nilikupa karatasi mkononi. Nirudishie karatasi mkononi."

Nasikia kikao kile kilikuwa kitamu ajabu. Hakuna aliyekuwa na deni. Hata shemeji mmoja ambaye hakupokea simu tangu Machi alisimama akaapa kwamba laki mbili zake alishatoa, na asiyeamini akamuulize wa steshenari, kwenye wingu lake zipo.

Nilipombana mpwa wangu ndipo akasema ukweli: wingu ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa kwenye majengo makubwa. Ya karibu yako Johannesburg na Cape Town, mengine Ulaya. Sasa si ungesema! Ningeelewa mara moja kwamba nimempa mtu vitu vyangu aniwekee. Tena hayo majengo nayo yanaungua. Machi 2021 moja liliteketea kule Strasbourg, Ufaransa, na waliotegemea hilo peke yake wakabaki mikono mitupu. Na Microsoft ndio waliotia fora: mwaka 2018 walizamisha seva 864, ndizo hizo kompyuta za kuwekea vitu vya watu, baharini, karibu na visiwa vya Orkney, Uskoti, wakaziopoa 2020. Eti ziliharibika chache kuliko za nchi kavu, na sababu mojawapo wanayoidhania ni kwamba hakukuwa na mtu wa kuzigusagusa. Hapo niliwaunga mkono. Mashine yangu ya kopi ningeizamisha leo, kwa vidole vya wateja ninavyovijua.

Mtandao ulirudi, orodha ikarudi, harusi ikapita. Ungedhani nimeondoka kwenye wingu. Niondokeje? Diski nimeuza. GB 15 za bure zimejaa, na ukichungulia ndani, nusu ni picha za mke wangu za sendofu ya mdogo wake. Sufuria moja ya pilau imepigwa mara kumi na tisa. Nikasema nifute kumi na nane. Aliniangalia jicho moja tu, nikaenda kulipia nafasi kubwa zaidi.

Sasa nalipa kodi mbili. Mwenye fremu akija hukohoa mlangoni, tunaongea Simba na Yanga, namlilia, anaondoka na nusu. Wingu halikohoi. Juzi saa sita na dakika mbili usiku simu ikalia: dola zimekatwa, asante kwa kuwa nasi.

Asubuhi mwenye fremu akatokea. Nikamwambia, mzee wangu, pesa yako iko kwenye wingu.

Akavuta kiti cha wateja, akakaa. Ninavyoandika hapa bado yupo.