Kitako cha Uwanjani, Kitako cha Porini

Anayenunua bunduki huuliza kwanza mtutu na darubini. Kitako, yaani mwili wote unaobeba mtutu na kuegemea begani, hukumbukwa mwisho. Halafu huja swali: kama kitako cha mashindano kinaleta shabaha safi kiasi kile, kwa nini mwindaji asikitumie?

Kwenye bunduki ya upepo ya mita 10 ya Olimpiki, alama 10 ni nukta ya nusu milimita. Katika mchujo mlengaji ana risasi 60 na dakika 75. Kitako chake, siku hizi mara nyingi cha alumini, kina skrubu kila upande: egemeo la shavu hupanda na kushuka, urefu hubadilika, mshiko umesimama wima ili kiganja kilegee. Uzito nao ni rafiki yake, mwisho kilo 5.5. Kwa kifupi, anapimiwa bunduki kama anavyopimiwa suti.

Porini suti hiyo haivaliki. Umetembea tangu alfajiri, pumzi iko juu, mnyama anakupa sekunde tatu nawe umeegemea mti. Unataka kitako kinachopanda begani bila kunasa kwenye shati, na jicho likute darubini palepale. Kisha kuna teke, yaani bunduki kurudi nyuma na kugonga bega inapofyatuliwa, jambo ambalo mashabiki wa vitako vya uwanjani hulisahau. Bunduki ya upepo haina teke la kutaja. Bamba jembamba la nyuma la kitako cha uwanjani ukilifunga kwenye bunduki ya wanyama wakubwa kama .375 H&H, bega litakusimulia. Hapo panatakiwa pedi pana ya mpira na kitako kilichonyooka, nguvu irudi moja kwa moja badala ya kuinua mtutu na kupiga shavu.

Watetezi wa kitako cha uwanjani hunitajia biathloni, na hoja yao ina uzito. Wachezaji wake huteleza thelujini kwa ski na bunduki mgongoni, kisha hulenga vishabaha vya milimita 45 kwa kulala na 115 kwa kusimama, umbali wa mita 50, mapigo ya moyo yakiwa juu. Vitako vyao vina ndoano na egemeo la shavu, na bado bunduki ni nyepesi; sheria inadai isipungue kilo 3.5. Lakini ni .22, risasi ndogo yenye teke dogo, na shabaha haitembei.

Hata hivyo egemeo la shavu ningeliiba bila aibu. Vitako vingi vya zamani vilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma vilivyolala juu ya mtutu. Ukipachika darubini juu yake, shavu linaning'inia hewani na jicho linatafuta picha. Ningekuwa na fedha ya kitako kimoja, ningechukua cha kawaida cha porini, nikamlipa fundi anikatie urefu wangu na kuinua pale shavu linapokaa. Skrubu nyingine zote ningewaachia wenye dakika 75.