Mrihani wa Kikuba na Mrihani wa Chupani

Mwanamke wa Pwani anayetunga kikuba jioni ya arusi hukata kitawi cha mrihani kwa ukucha, akakiweka kati ya asumini na mkadi, na vidole vyake vikaendelea kunukia hadi asubuhi. Harufu hiyo ndiyo mafuta yenyewe: vitone vidogo mno vilivyohifadhiwa katika vifuko juu ya jani, ambavyo ukucha ukivipasua hupaa hewani. Siku hizi harufu hiyohiyo inauzwa katika vichupa vya mililita 10, na vichupa hivyo vinasifiwa kwamba vinatibu chunusi, kikohozi, kisukari, maumivu ya masikio na msongo wa mawazo. Wanaovipigia debe hutaja mazoea ya mabibi zetu kama ushahidi, na wanaovipinga huviita utapeli mtupu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinauzungumzia mrihani wa kikuba na mrihani wa chupani kana kwamba ni kitu kimoja.

Lugha nayo imechangia. Neno "mafuta" kwetu hubeba mafuta ya nazi, ya ufuta na ya mnyonyo, yaani vitu ambavyo mtu hujipaka kiganja kizima, na baadhi yake hupikia. Kisha ikaja tafsiri ya "mafuta muhimu", inayomfanya msomaji aamini kwamba mwili unayahitaji kama unavyohitaji vitamini, ilhali neno la asili la Kiingereza, "essential", lilikusudia kiini cha harufu ya mmea, si umuhimu wake. Mimi nitayaita mafuta ya kunukia. Hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji katika majani, kuupoza mvuke huo, kisha kuyaengua mafuta yanayoelea juu ya maji. Kilo 100 za majani mabichi kwa kawaida hazitoi hata kilo moja ya mafuta, na kwa hiyo tone moja la chupani haliwezi kulinganishwa na majani mawili ya kwenye mchuzi.

Tena mrihani wenyewe una ndugu wengi. Mrihani wa bustanini, Ocimum basilicum, hutoa mafuta ya namna mbalimbali kulingana na mbegu na mahali ulipolimwa. Ule unaoitwa wa Ulaya una kemikali ya linaloli kwa wingi, ambayo ndiyo harufu laini ya maua. Ule uliojulikana sokoni kwa jina la Komoro na Réunion una kemikali nyingine, estragoli, kwa wingi, mara nyingi zaidi ya theluthi mbili ya mafuta yote, na hunukia karibu na shamari. Kivumbasi kikubwa, Ocimum gratissimum, mara nyingi hujaa eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba ukali wake. Kivumbasi kilichopewa jina la Kilimanjaro kina kafuri. Mmoja huliwaza pua, mwingine huutia ulimi ganzi, na bado wote huweza kuuzwa chini ya jina moja.

Upande wa faida, ushahidi ulio karibu zaidi na maisha yetu unahusu wadudu. Wakulima wa Rwanda wamezoea kuchanganya majani ya kivumbasi na maharage yanayowekwa ghalani, na utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba linaloli iliyomo inawaua wadudu wanaotoboa nafaka na kunde, ingawa nguvu yake hupungua kadiri inavyopaa. Kwa mbu hali ni hiyohiyo. Watafiti waliojaribu vivumbasi vya kwenye vyungu magharibi mwa Kenya waliona mbu wanapungua, lakini punguzo hilo halikufika hata nusu. Mafuta yakipakwa kwenye ngozi hufanya kazi kwa muda mfupi, kwa sababu kile kinachomfukuza mbu ndicho kinachopaa na kwisha. Basi anayekaa barazani jua likizama anaweza kunufaika, lakini anayeacha chandarua kwa kutegemea mafuta ya kunukia anamweka mtoto wake hatarini, na hapo sioni nafasi ya maridhiano.

Kakamega, nchini Kenya, imetupa mfano ninaouheshimu. Wakulima wa kikundi cha Muliru, wanaoishi kando ya msitu, walishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kulima kivumbasi chenye kafuri, kukikamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, kwa ajili ya mafua, maumivu ya misuli na kuumwa na wadudu. Kilichonivutia ni kwamba dawa hiyo inajulikana imetokana na mmea gani, inapakwa nje ya mwili, haidai kutibu kila ugonjwa, na kipato chake kinawapa watu sababu ya kuuacha msitu usimame.

Madai ya tiba yanahitaji kupimwa moja moja. Kuhusu chunusi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, Nigeria, walichapisha mwaka 2002 jaribio la mafuta ya kivumbasi kikubwa yaliyochanganywa kwa asilimia chache tu katika losheni, na matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Kuhusu masikio, mwaka 2005 watafiti wa Iceland waliwatibu panya wenye uambukizo kwa mafuta ya mrihani na wengi wao wakapona. Hapo ndipo habari ilipochukuliwa ikageuzwa kuwa ushauri kwa akina mama. Panya wa maabara alichunguzwa sikio kabla. Mtoto anayelia usiku huenda kiwambo cha sikio kimeshatoboka, na mafuta makali yakapenya ndani. Kwa kisukari na msongo wa mawazo, sijaona ushahidi kwa binadamu wa kumruhusu mtu apunguze vidonge vyake.

Hatari kubwa inayojadiliwa ni ile ya estragoli. Ini huibadilisha ikawa kitu kinachoweza kushikamana na vinasaba, na panya waliopewa dozi kubwa walipata uvimbe wa saratani kwenye ini. Kwa sababu hiyo kamati ya kisayansi ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilitoa tahadhari mwaka 2001. Methilieujenoli, ambayo nayo hupatikana katika baadhi ya mirihani, iliwekwa mwaka 2023 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu.

Wapo wanaojibu kwamba watu wamekula mrihani karne nyingi bila madhara, na jibu hilo lina uzito. Kiasi kinacholiwa katika chakula ni kidogo, na jani lina kemikali nyingine, nevadensini, ambayo katika maabara imeonekana kukizuia kimeng'enya kinachokamilisha mabadiliko hayo mabaya ya estragoli. Lakini hoja hiyohiyo ndiyo inayoihukumu chupa, kwa kuwa mvuke huchukua estragoli na kuiacha nevadensini kwenye makapi. Kwa hiyo anayemeza matone kila asubuhi hafuati desturi ya bibi yake. Wajawazito wayaepuke kabisa, na watoto wadogo wasipakwe mafuta yenye kafuri, kwa maana kafuri ikiingia mwilini kwa wingi huleta degedege.

Nilinunua vichupa viwili sokoni, vyote vimeandikwa kuwa ni vya asili kwa asilimia 100, nikadondosha tone la kila kimoja kwenye karatasi nyeupe na kuiacha mezani usiku kucha. Asubuhi doa la kwanza lilikuwa limetoweka. La pili lilibaki linang'aa, kama karatasi iliyofungiwa maandazi, ishara kwamba ndani yake kulikuwa na mafuta ya kawaida. Hata hivyo karatasi haikuweza kuniambia kama kile cha kwanza kilikuwa cha linaloli au cha estragoli, na kibandiko chake, kilichopata nafasi ya kutaja magonjwa 11, hakikutaja jina la mmea wala nchi ulikovunwa. Kichupa kitakachoniandikia mambo hayo nitakinunua, nichanganye matone machache katika mafuta ya nazi na kuchua mabega yaliyochoka. Hivi viwili nimevifungia kabatini, mbali na watoto.